Bi Pole Alivyochuma Maua

Wifi yangu alichuma maua yote ya bluberi zangu katika msimu ambao nilipaswa kuvuna, akijua kwamba nisipovuna nitafukuzwa. Nikafukuzwa. Yeye ndiye anayelima pale sasa. Nimeanza na hilo kwa sababu ukimuulizia kwa majirani utasifiwa mtu mwingine kabisa, na ningependa uwe umeshajua.

Wanamwita Bi Pole. Neno hilo halimtoki mdomoni. Ukijikwaa, pole. Ukipiga chafya, pole. Niliwahi kumwona amemshika kuku miguu, kisu mkono wa pili, anamwambia pole, kisha akamkata shingo bila kupepesa macho. Tulicheka wote jikoni, mpaka yeye.

Ni kitinda mimba wa mama mkwe wangu na binti wake wa pekee. Alianza kujifunza cherehani kwa kaka yake mkubwa, akaacha kwa sababu mgongo ulimuuma. Akafungua genge la mboga, akaacha kwa sababu wateja walikuwa wanabonyezabonyeza nyanya. Kisha akaolewa na dereva wa lori, akatulia miaka mingi, akazaa. Siku moja dereva akaleta mwanamke mwingine ndani, akamwambia achague chumba au aende. Alikuja kwao na sanduku lililokatika zipu, limefungwa kwa kamba ya viatu. Watoto walibaki kwa baba yao. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Mama yake alikuwa amekaa pale pale sebuleni, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Umerudi kula, au umerudi kufanya kazi?"

"Nimerudi, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Nilimwonea huruma. Nilimpisha upande wa kitanda changu, kwa kuwa mume wangu alikuwa anafanya zamu kwenye kiwanda cha mbao na siku nyingi alilala huko. Tukawa tunapika pamoja, tunafua pamoja, tunasengenya pamoja. Kama kuna mtu aliyenijua ndani na nje, ni yeye.

Mume wangu akafa. Gogo lilimwangukia kiwandani. Tulimzika, watu wakatawanyika, na kabla sijazoea kulala peke yangu mama mkwe akaniita mbele ya shemeji yangu fundi cherehani na mbele ya Bi Pole.

"Wewe huna mtoto," akasema. "Kwa hiyo hapa hujaacha mtu. Lakini sitaki kusikia kwamba nilikutoa na machozi usoni. Chukua kile kipande cha chini, pale palipokatwa misonobari. Ukipanda kitu kikazaa ndani ya misimu mitatu, kipande ni chako, na mwenye neno aje aniambie mimi. Kisipozaa, nenda kwenu."

Shemeji alicheka hadi akashika ubavu. "Mama, pale hata magugu yanaomba ruhusa kwanza."

Alikuwa anasema kweli. Pale mahindi yalitoka ya njano yakafa yakiwa kimo cha goti. Maharage hayakutoka kabisa. Misonobari ilikuwa imesimama pale miaka na miaka, ikidondosha vile vijani vyake vikavu kama sindano, na udongo ukawa mkali, mchachu, haupendi mmea wa mtu. Nilipewa kipande kile ili nishindwe kwa adabu.

Ila mimi nilikuwa nimefanya kibarua cha kuchuma bluberi, yale matunda madogo ya buluu, kwenye shamba la kampuni upande wa pili wa kilima. Niliona wanaleta malori ya unga wa mbao za misonobari na kuumwaga kwenye mashimo, kwa sababu bluberi haitaki udongo mtamu. Inataka huo huo mchachu. Walichokuwa wananunua, mimi nilikuwa nimetupiwa bure. Nikaenda kwa msimamizi wa kitalu, nikamwomba miche iliyodumaa, ile waliyokuwa wanaitenga kwenda kutupwa. Akaniruhusu. Nikachukua ya aina mbili, kwa maana bluberi za aina moja zikiwa peke yake huzaa kwa uvivu. Niliibeba kichwani safari nyingi, kwenye beseni, na Bi Pole alikuja kunipokea njiani. "Pole wifi," alikuwa anasema, "shingo itaingia kifuani hiyo."

Tuliipanda pamoja kwenye matuta. Nikatandaza sindano za misonobari chini ya kila mche. Maji ya kisima yana magadi na miche hiyo haiyapendi, kwa hiyo tuliweka mapipa chini ya bati tukakinga mvua, na kila jioni tulibeba ndoo. Nilimfundisha yote. Nilimwambia jivu la jikoni lisikanyage pale, kwa sababu jivu linautia udongo utamu. Siku ya pili nikakuta mche mmoja umezungushiwa jivu vizuri kama keki.

"Wifi, si nilikuambia?"

"Pole, wifi. Mkono umezoea. Mboga zote za mama zinakula jivu."

Mche ule uligeuka njano ukakauka. Mkono huzoea kweli.

Msimu wa kwanza miche ikatoa maua. Maua ya bluberi ni madogo, meupe, yameinama kama vikengele. Nikayachuma yote nikayatupa. Mche mchanga ukiuacha uzae, unatumia nguvu zake zote kwenye tunda na mizizi inabaki kama nywele za mtoto. Miaka yote inayofuata utakuwa unamuuguza mgonjwa. Kwa hiyo unachuma maua msimu wa kwanza, unachuma na msimu wa pili, wa tatu ndio unaacha. Hivyo ndivyo walivyofanya kwenye kampuni na hivyo ndivyo nilivyofanya.

Mama mkwe alikuja na fimbo yake akasimama mwisho wa tuta.

"Kwa hiyo si tumbo lako tu," akasema. "Hata miti ukiigusa haizai."

Shemeji akanipa jina siku ile ile. Chuma-Maua. Likapita mtaani haraka kuliko mimi. Nikienda dukani kununua chumvi, muuza duka ananiuliza kama nataka na ua. Msimu wa pili nilichuma tena, na safari hii Bi Pole alinisaidia, tumeinama kila mtu na tuta lake. Alichuma kwa upole, kwa ncha za vidole. Nilimweleza tena, kwa sababu aliuliza mwenyewe.

"Sasa mwakani?"

"Mwakani hatugusi ua hata moja. Mwakani ndio kuvuna."

"Na ukivuna mama atakupa kweli kipande?"

"Alitamka mbele yenu."

Alichuma ua lingine. Kisha akasema, "Una bahati wewe. Mimi mtoto wa kumzaa hajanitamkia hata kona ya kuku."

Nililisikia lile neno likapita kama upepo. Sasa hivi ndio linanikaa kooni. Mama mkwe alikuwa na mashamba mawili tu: la juu, ambalo shemeji alishajipimia zamani, na kile kipande cha chini. Kikiwa changu, Bi Pole anabaki na nini? Anabaki na sanduku. Nalijua hilo vizuri na sihitaji mtu anieleze. Kuwa na sababu si kitu cha ajabu. Hata mwizi ana njaa.

Msimu wa tatu vichaka vilikuwa vimenifika kifuani. Vilitoa maua mpaka majani yakajificha, na nyuki walikuwa wanavuma pale tangu asubuhi. Watu waliokuwa wananicheka wakaanza kupunguza sauti. Shemeji akaja kuangalia, akaingiza mikono mfukoni, akasema, "Haya, Chuma-Maua, tutaona." Nikawaza ndege. Bluberi ikianza kuiva, ndege hawakuachii. Nikakusanya magunia ya wavu ya vitunguu na chandarua kilichochanika, na Bi Pole, aliyewahi kushika cherehani, akakaa kibarazani siku mbili akivishona pamoja kuwa wavu mmoja mkubwa. Alishona vizuri. Aliujaribu juu ya kichaka cha kwanza na kuniuliza kama matunda yatapata hewa.

Naomba hilo la wavu likumbukwe. Mtu aliyeuliza kama matunda yatapata hewa alijua matunda yanakuja.

Asubuhi iliyofuata niliondoka kwenda kiwandani kuomba unga wa mbao, wa kuongeza kwenye matuta kabla ya jua kali. Nilirudi mchana na gunia mgongoni. Nilipokaribia uani niliona kuku wamejikusanya, wanadonoa kitu cheupe. Nikadhani ni mchele umemwagika. Nilipoinama nikaona ni vikengele.

Bi Pole alikuwa mlangoni mwa jikoni, anapangusa mikono kwenye gauni. Ungo ulikuwa kando yake, una maua bado, amebakiza kidogo.

"Umerudi?" akasema. "Pole na mzigo. Nimekumalizia kazi."

Niliacha gunia pale pale nikateremka. Sikukuta ua. Alipita kila kichaka, kila tawi, mpaka yale ya ndani ambayo lazima upinde mkono ndipo uyafikie. Nyuki walikuwa bado wanazunguka, wanatafuta. Nilikaa chini kwenye tuta. Sikulia.

Akaja akasimama nyuma yangu. "Kwani vipi, wifi?"

"Nilikuambia mwaka huu hatugusi."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia."

"Wifi, mimi na wewe tunachuma maua kila mwaka. Nimeona umechoka, nikasema leo nikusaidie. Sasa hata msaada ni kosa?" Na machozi yakamtoka, ya kweli, makubwa, yakidondoka kwenye vidole vyake vilivyonata utomvu. Anajua kulia yule. Mpaka mimi nilitaka kumbembeleza.

Vichaka havikutoa maua mengine mwaka ule. Wakati wa kuvuna ulipofika, palikuwa na majani mazuri tu. Mama mkwe akatuita sebuleni, wale wale, kila mtu akakaa alipokaa siku ile ya kwanza.

"Kimezaa?" akauliza.

Nikasema kilikuwa kinazaa. Nikasema maua yalichumwa, na aliyechuma yuko hapa.

"Ulichuma?" mama mkwe akamuuliza binti yake.

"Nilichuma, mama. Nilimwona yeye akichuma miaka yote. Sikuambiwa kuna mwaka wa kuacha."

Shemeji akapiga mapaja yake. "Mnaona? Umemfundisha kazi mwenyewe, kaifanya, sasa unamshitaki. Mwalimu gani wewe?"

"Muulizeni wavu alishona wa nini," nikasema. "Alishona siku mbili. Wavu wa kuzuia ndege wasile nini, kama hakuna tunda?"

Bi Pole alitazama vidole vyake. Mama mkwe ndiye niliyekuwa namtazama, kwa sababu yule mama hakuwa mjinga hata siku moja. Alimgeukia binti yake, akamkazia macho, na nikaona kabisa ameelewa. Ameelewa lote, kuanzia wavu hadi ungo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mimi nilisema kikizaa," akasema. "Hakikuzaa."

"Mama."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Nilisema misimu mitatu. Au nilisema minne?"

Bi Pole alinisaidia kufunga nguo zangu. Alizikunja vizuri, kila moja, akiniambia pole.

Nilipanga chumba kimoja nyuma ya soko, ukuta mmoja na mashine ya kusaga nafaka, na nikarudi kwenye vibarua. Mwaka uliofuata nikasikia kile kipande kimezaa. Tena sana: vichaka vilivyonyimwa kuzaa misimu mitatu vilikuwa na nguvu za kubomoa nyumba. Bi Pole alivuna, akafuta tunda moja moja kwa kitambaa mpaka likang'aa kama kiatu cha harusi, akapeleka kwa mnunuzi. Mnunuzi akayakataa yote. Bluberi ina unga wake wa kijivu juu ya ngozi, na ule unga ukiufuta tunda linanyauka haraka. Hilo sikuwa nimemfundisha. Niliposikia nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Baada ya hapo akaanza kuajiri wachumaji. Na mwaka mwingine kiongozi wa kikundi chetu cha vibarua akatuambia kesho tunakwenda kwa mama mmoja ana kipande kizuri chini ya kilima. Nilijua ni wapi kabla hajamaliza. Ningeweza kubaki nyumbani. Nilikwenda.

Vichaka vilikuwa vimenipita kimo. Nilichuma kwenye matuta niliyoyapandisha kwa jembe langu, ndoo imefungwa kiunoni, nikizungusha tunda kwa kidole gumba lidondoke lenyewe bila kupoteza unga. Bi Pole aliniona mapema. Alikaribia, akasema "Wifi, pole na kazi," akaondoka haraka kama mtu aliyesahau chungu motoni.

Mchana wakamleta mama mkwe. Akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Walimkalisha kwenye kiti mwisho wa tuta langu, kivulini, na bakuli mapajani, akawa anakula moja moja. Wachumaji wote tulimsikia.

"Tamu," akasema. "Nani kapanda vitu hivi?"

"Mimi, mama," akajibu Bi Pole.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Umefanya la maana mwanangu. Angalau siku moja." Akatafuna. "Na yule Chuma-Maua yuko wapi?"

"Aliondoka mwenyewe, mama."

Nilifungua kamba ya ndoo, nikaiweka chini, nikaenda nikasimama mbele ya kiti. "Nipo hapa, mama."

Alinitazama kwa macho yale yale makali, ila nyuma ya macho hayo hapakuwa na mtu. "Wewe nani?"

"Mke wa mwanao. Yule wa kiwanda cha mbao."

"Mwanangu wa kiwandani hajaoa," akasema, akatema ganda. "Angeoa ningejua."

Mchumaji mmoja alicheka. Simlaumu, hakujua. Nikarudi kwenye ndoo yangu nikachuma hadi jioni, kwa sababu siku ile nilikuwa nimekuja kuchuma.

Wenzangu walipokuwa wanaosha mikono, Bi Pole akanifuata nyuma ya mapipa ya maji na bakuli la matunda yaliyopasuka, yale ambayo mnunuzi hayataki.

"Usiyatie moyoni, wifi. Mgonjwa yule. Asubuhi anakuwa na akili zake, anakumbuka kila kitu, mpaka madeni ya marehemu baba. Jua likipanda ndio anapotea."

"Basi kesho asubuhi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulijua. Kwamba nilikuambia, na ulijua, na ulichuma. Kilizaa mwaka ule, wewe ndiye uliyekizuia. Akisikia hivyo akiwa na akili zake, kipande ni changu. Alitamka. Yule mama ni mkatili lakini havunji maneno yake. Aliyapindisha kwa sababu wewe ulimpa pa kuyapindishia."

Alishika lile bakuli kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema pole, na uso wake bila lile neno ulikuwa uso wa kawaida tu, umechoka, wa mwanamke wa umri wangu.

"Nikimwambia," akasema polepole, "mimi nitalala wapi?"

"Nyuma ya soko kuna vyumba."

"Wewe unaweza. Mimi siwezi, wifi."

"Hata mimi sikuweza. Nilipelekwa."

Akaniwekea bakuli juu ya pipa. "Pole," akasema, akaingia ndani.

Nililimwagia kuku.

Nimerudi mara mbili tangu siku ile, asubuhi na mapema, kabla ya jua. Mara ya kwanza Bi Pole alinizuia mlangoni akisema mama amelala, huku namsikia mama mkwe ndani akiuliza chai. Mara ya pili aliniachia niingie. Mama mkwe alinijua. Aliniita kwa jina langu la kuzaliwa, akaniuliza nimekula. Nikamwambia lote, taratibu, na Bi Pole amesimama pembeni ya kabati. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza binti yake, "Ni kweli?" Na yule mwanamke, ambaye nilimpisha upande wa kitanda changu, akasema, "Wifi ana uchungu, mama. Msamehe."

Mama mkwe akasema neno langu peke yake halitoshi. Mwenye kuchuma ndiye aseme.

Asubuhi zake zinapungua. Wanaomwona wanasema siku hizi anaamka na akili mara moja moja, na kwa muda mfupi, na siku nyingine haamki nazo kabisa. Shemeji ameshaanza kupima kipande cha chini kwa kamba, kwa hiyo Bi Pole naye atafukuzwa, na sitamwambia pole. Lakini kabla ya hapo namdai. Namdai aketi kando ya kitanda cha mama yake, asubuhi ambayo mama anamjua, na aseme kwamba alijua ni msimu wa kuacha. Hakuna mwingine anayeweza kunilipa hilo, na anayepaswa kulisikia anakwenda.